Tanga au injini: safari ndefu ya baharini inahesabiwaje?

Jumapili moja hivi karibuni, pale Kigamboni tunapokaa kusubiri maji yajae, mzee mmoja mstaafu alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa boti nyeupe ya faiba, nyuma imefungwa mashine mbili za petroli, kila moja ya nguvu za farasi 150. Mzee huyu amesafiri kwa tanga maisha yake yote. Mashua yake imemfikisha Mafia, Kilwa, na mara mbili Comoro. Sasa magoti yamechoka, kupandisha foromali, ile boriti inayobeba tanga, hawezi, na vijana aliokuwa akiwachukua kama mabaharia wamehamia kwenye bodaboda. Anataka aiuze mashua, anunue hii.

"Nikitoka hapa alfajiri," akasema, "usiku nalala Moroni, Comoro."

Baraza likagawanyika pale pale. Mmoja akasema injini haiaminiki katikati ya bahari, tanga ndilo humrudisha mtu nyumbani. Mwingine akasema tanga ni mambo ya babu zetu. Wa tatu akasema suala lote ni bei ya mafuta, kwamba upepo ni wa Mungu na hauna risiti. Walibishana hadi maji yakajaa. Mimi nilihama kutoka tanga kwenda injini miaka kadhaa iliyopita, na mjadala huu naukuta Kigamboni, Msasani, Kunduchi, kila mahali penye boti mbili na watu watatu. Kila mmoja barazani alikuwa na sehemu ya ukweli, lakini walikuwa wanazungumzia mambo tofauti wakidhani ni jambo moja. Nitajaribu kuyatenganisha.

Tuanze na maneno. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, na noti ni maili moja ya baharini kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja mjini ni kama maili 40. Kilwa Masoko ni kama 130. Moroni ni kama 375, na Mahe kule Shelisheli ni karibu 970. Maili zote humu ni za baharini.

Chombo cha tanga ni kile ambacho msukumo wake mkuu ni upepo, hata kama tezini, yaani nyuma, kimefungwa mashine ndogo ya kuingilia bandarini. Chombo cha injini ni kile ambacho injini ikizima, safari imesimama. Wengi wakifika hapa huona wamemaliza: vyombo ni vya aina mbili, chagua kimoja. Kwa mtu wa safari ndefu kuna mgawanyo mwingine wenye uzito zaidi, nao uko kwenye bodi, yaani umbo la ile sehemu inayokaa majini.

Kuna bodi inayopasua maji na bodi inayopanda juu ya maji. Nenda Coco Beach, ingia baharini hadi kiunoni, kisha tembea. Utaweza bila shida. Sasa jaribu kukimbia. Utatumia nguvu zako zote, utahema, na kasi itaongezeka kidogo tu, kwa sababu maji lazima yakupishe na hayana haraka. Hiyo ndiyo bodi inayopasua maji: jahazi, mashua, yoti za tanga, meli za mizigo. Halafu okota kijiwe bapa ukirushe kwa kukilaza. Kitaruka-ruka juu ya maji hadi kasi yake iishe, kisha kizame. Hiyo ndiyo boti ya faiba ya kwenye simu ya mzee. Inapata kasi kwa kujiinua itoke majini, na ili ibaki juu lazima iwe nyepesi na injini isipumzike.

Bodi inayopasua maji ina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho hakijali kama unasukumwa na upepo au na dizeli. Chombo kinapotembea kinazaa wimbi omoni, yaani mbele, na jingine huinuka nyuma yake. Kadiri mwendo unavyoongezeka mawimbi hayo yanaachana, hadi wimbi la nyuma linakuwa chini ya tezi kabisa. Ukizidisha hapo, tezi inazama bondeni na omo inaelekea juu. Unakuwa unapanda mlima ambao haumaliziki, maana mlima wenyewe unatembea na wewe.

Mafundi wa vyombo wana hesabu fupi ya kikomo hicho. Chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 2.43. Jibu ni noti. Chombo cha mita 9 kinapata noti 7.3. Cha mita 16, noti 9.7. Maana yake ni kwamba mashua yenye tanga zima na upepo wa pembeni unaovuma vizuri, na mashua ya urefu ule ule iliyotiwa injini, mwendo wao wa juu unalingana. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka tanga kwenda injini akitarajia kasi, na huku bodi ni ile ile ya kupasua maji, atashangaa. Anachopata ni mwendo ule ule hata siku ya shwari, na hata upepo unapotoka mbele. Kwa safari ndefu hilo ni jambo kubwa, ila tuliite kwa jina lake.

Basi kwa nini tusichukue tu ile inayopanda juu ya maji? Nilikaa na mzee wangu tukapiga hesabu ya Moroni kwenye kipande cha boksi.

Mashine mbili za farasi 150 zikiendeshwa kwa mwendo wa kawaida wa safari, si wa kukanyaga hadi mwisho, tulizikadiria lita 70 za petroli kwa saa, boti ikienda noti 25. Ni makadirio ya haki. Zikikanyagwa hadi mwisho zinapita lita 100. Maili 375 kwa noti 25 ni saa 15, kwa hiyo zinahitajika lita 1,050. Tangi la boti ile, kwa maelezo ya muuzaji, ni lita 400. Lita 400 zinaisha baada ya saa tano na dakika arobaini na kitu, maili kama 143 kutoka nyumbani. Mzee angeondoka alfajiri kweli, na kabla ya saa sita mchana angekuwa anaelea na mashine mbili mpya zisizo na mafuta, Moroni ikiwa bado maili 230 mbele yake.

"Nitabeba madumu," akasema.

Lita 1,050 za petroli zina uzito wa karibu kilo 780, sawa na watu wazima kumi na mmoja wamekaa ndani ya boti kabla hujapakia maji ya kunywa, chakula na watu wenyewe. Boti ya aina hiyo ikibebeshwa mzigo huo haipandi tena juu ya maji. Inaburuza tumbo, omo juu, inakunywa zaidi na kwenda polepole. Kile kijiwe bapa hakiruki ukikifunga tofali.

Kisha tukapiga hesabu ya boti yangu. Ni ya mbao, mita 10 kwenye mstari wa maji, injini moja ya dizeli iliyokaa ndani. Kwa noti 6 inakunywa lita 6 kwa saa, yaani lita moja kwa kila maili. Namba hiyo nimeipima mwenyewe, na nitaeleza mbele nilivyoipima. Moroni kwa boti hii ni lita 375 na saa 62 na nusu, kama siku mbili na nusu. Mafuta yale yale ambayo yangeiacha ile ya faiba njiani, hii yanaifikisha. Mzee aliliangalia boksi muda mrefu bila kusema neno.

Tofauti hii inatokana na jinsi maji yanavyodai nguvu. Kwa kadirio la jumla, bodi inayopasua maji ukitaka iende mara mbili ya mwendo wake, nguvu inayohitajika inapanda mara nane hivi. Kinyume chake ndicho chenye faida: ukipunguza mwendo kidogo, mafuta yanapungua sana. Boti yangu kwa noti 7 inakula lita 10 na nusu kwa saa. Kwa noti 5 inakula 3 na nusu. Noti mbili tu za tofauti, na matumizi yamepanda mara tatu. Nahodha wa injini aliyeishiwa mafuta nusu ya njia mara nyingi alikuwa na mafuta ya kutosha, ila alikuwa na haraka.

Kwa hiyo anayesema injini haivuki bahari amekosea, kama tunazungumzia injini ya taratibu. Mwaka 1902 boti ya futi 38 iitwayo Abiel Abbot Low ilitoka New York ikafika Falmouth, Uingereza, kwa siku 36, ikisukumwa na injini ya farasi 10 tu iliyokuwa ikitumia mafuta ya taa. Humo walikuwa baba na mwanawe. Mwaka 1963 Robert Beebe, kapteni mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alishusha majini huko Singapore boti aliyoichora mwenyewe, Passagemaker, futi 50, injini moja ya dizeli, akavuka nayo Bahari ya Hindi hadi Ugiriki. Ni aina ya boti inayowafaa watu wenye hali kama ya mzee wetu: wanaipenda safari ndefu lakini mwili umechoka na kamba. Boti zote mbili zilikwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia pole pole ufukweni.

Upepo haukuachi kwa sababu umeuacha

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kaskazi na kusi, lakini wengi wanadhani zinamhusu mwenye tanga peke yake. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kusi Aprili hadi Septemba, na kati yake maleleji, upepo usiojua unakotoka. Majahazi ya zamani yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Hayakupingana na upepo kwa sababu tanga haliwezi kwenda moja kwa moja usoni mwa upepo. Yoti ya kisasa inakaribia nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka. Tanga letu la pembetatu lenye foromali haliikaribii hiyo. Lazima ubishe, kwenda mshazari upande huu kisha upande ule. Hata kwa hizo nyuzi 45, maili 100 zinageuka 141. Na kila ukibisha, foromali ivushwe upande wa pili wa mlingoti, kazi ya watu wenye mabega.

Hapo injini inakuokoa kweli. Unaelekeza omo Mafia, unakwenda Mafia.

Ila kuna mkondo. Maji ya pwani yetu yanatembea kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi yanapata nguvu, na huko nje kwenye kina yanaweza kufika noti 3 hadi 4. Wakati wa kaskazi yanalegea. Chukua boti ya noti 6 inayokwenda kusini dhidi ya mkondo wa noti 2. Injini inanguruma kama kawaida, lita 6 kwa saa, lakini ardhini umesogea maili 4 tu kila saa. Lita moja kwa maili imekuwa lita moja na nusu. Zile lita 375 za Moroni zimekuwa zaidi ya 560. Ni kama ngazi ya umeme ya madukani: ukiipanda huku inashuka, miguu inahesabu ngazi nyingi na wewe umesogea chache.

Mzee aliyajua haya yote bila namba. Comoro alikwenda na kaskazi mgongoni, akarudi na kusi. Mwenye injini ana uhuru wa kutofuata msimu, lakini uhuru huo anaulipia kwa lita. Mimi hadi leo safari ya kusini naipanga Januari au Februari.

Kwa sababu hiyo hesabu ya mafuta hufanywa kwa mafungu matatu: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya kile usichokijua. Kwa safari ya upande mmoja ambako mafuta yapo unakokwenda, bado ile theluthi ya mwisho haiguswi. Na usidhani kila bandari ina pampu gatini. Sehemu nyingi utatembeza madumu kutoka kituo cha mjini hadi ufukweni, dumu moja baada ya jingine.

Kuhusu tanga kuwa bure, nitasema kwa kifupi. Upepo ni bure. Kitambaa, kamba, mlingoti na posho za mabaharia si bure, na jua letu linakula tanga kama mchwa. Halafu kipindi cha maleleji wenye yoti nao wanawasha injini, saa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa safari chache kwa mwaka, injini ya taratibu inaweza isikutoe fedha nyingi kuliko tanga zuri. Kwa anayetaka kuzunguka miezi mingi bila haraka, upepo bado unashinda. Chukua lita zako, zidisha na bei kikomo ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, utajua uko upande gani.

Kwenda mrama

Neno hili tunalitumia kila siku. Ndoa imekwenda mrama, biashara imekwenda mrama. Asili yake ni chombo kuyumba upande hadi upande, na hapo ndipo watu waliohama kutoka tanga hupata mshtuko wa kwanza.

Tanga likishika upepo linakiegemeza chombo, kama mtu aliyeegemea ukuta. Chombo kimelala upande mmoja, lakini kimetulia. Ondoa tanga, ukuta umeondoka. Sasa kila wimbi la ubavuni linakilaza huku, linakirudisha kule. Nimewaona mabaharia wa miaka thelathini wakitapika kwenye boti ya injini na kuona haya, wakati ubaya haukuwa wao.

Wengine wanaongeza kosa kwa kuukata mlingoti, wakidhani wanapunguza uzito wa juu na chombo kitatulia. Mtazame mcheza sarakasi anayetembea juu ya kamba. Ameshika mti mrefu mikononi, na urefu wa mti ule ndio unaofanya kuyumba kwake kuwe kwa pole pole, apate nafasi ya kujirekebisha. Mnyang'anye mti, atayumba kwa haraka na kuanguka. Mlingoti hufanya kazi hiyo. Ukiukata, chombo kinaweza kuwa imara zaidi kwenye karatasi, lakini mrama wake unakuwa wa ghafla, wa kunyaka, wa kurusha sufuria jikoni na kuvunja mbavu za watu. Mkiwa mnageuza mashua ya tanga kuwa ya injini, nawaomba sana, mlingoti uacheni, japo mfupi, na farumi, ule uzito wa chini unaokituliza chombo, msiitoe yote mpaka fundi anayejua ameangalia.

Dawa zipo. Ya kwanza ni tanga dogo la utulivu, si la kusukuma bali la kuegemea. Ya pili ni vibao vizito vyenye umbo la samaki, vinavyoning'inizwa majini kila upande kwenye boriti ndefu. Chombo kikitaka kulala, kibao cha upande unaoinuka kinagoma kuvutwa juu. Beebe alivitumia kwenye Passagemaker. Zipo pia za gharama, mapezi yanayoendeshwa na mitambo chini ya maji. Na ipo isiyo na gharama: badilisha njia kidogo, wimbi likupate begani badala ya ubavuni, utafika umechelewa nusu saa na watu wako wana rangi usoni.

Kilichozima injini yangu

Nilisema injini haiaminiki ni kauli yenye sehemu ya ukweli. Sehemu hiyo niliijua kwenye mfereji wa Mafia, mwaka wa kwanza wa boti hii.

Dizeli tulinunua kwenye mapipa ufukweni, kwa muuzaji tuliyeelekezwa, kwa sababu ilikuwa jioni na tulitaka kuondoka usiku. Ilionekana nzuri. Safari ilikwenda salama hadi mchana wa siku ya pili, kusi ilipoamka na mawimbi yakawa mafupi na makali, kama ilivyo pale maji ya Rufiji yanapokutana na bahari. Baada ya saa tisa alasiri injini ikaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mara mbili, tatu, kisha ikazima. Kimya kile sitakisahau. Ghafla unasikia kila ubao.

Chini ya chujio la dizeli kuna bakuli dogo la kioo. Nililimulika kwa tochi ya simu. Juu kulikuwa na dizeli, rangi ya chai ya rangi. Chini kulikuwa na maji, meupe kabisa, vidole viwili. Na pale vinapokutana palikuwa na utando mweusi, mzito, unaocheza na mrama kama kitambaa. Ule utando ni kitu kilicho hai: vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli, na vikifa vinaacha tope. Tope lile lilikuwa limelala chini ya tangi kwa utulivu tangu Dar. Bahari ilipotikisa tangi, likanyanyuka lote na kuziba chujio. Ndiyo maana injini huzima wakati mbaya kuliko wote. Bahari chafu ndiyo inayokoroga tangi chafu.

Kijana wangu alipandisha tanga dogo la nyuma, nililolishonesha kwa kitambaa cha tanga la mashua yangu ya zamani. Halikutupeleka popote, ila liligeuza omo ikatazama upepo, na mrama ukapungua kiasi cha mimi kuweza kushika spana. Nilifungua bakuli, nikamwaga, nikabadilisha chujio, kisha nikatoa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta: unalegeza ile nati ya juu, unasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke nzima, unakaza. Dakika arobaini. Mikono ilinuka dizeli hadi Kilindoni, bandari ya Mafia.

Tangu siku ile kila lita inaingia tangini kupitia funeli yenye chujio, nina machujio mawili yaliyopangwa kwa kufuatana na mengine sita sandukuni, na kila asubuhi kabla ya kuwasha nafungua koki ya chini ya tangi nikamwaga kikombe kimoja kwenye chupa safi na kukiangalia juani. Pamoja na machujio nabeba impela, kile kipanga cha mpira kinachozunguka ndani ya pampu ya maji, na mkanda wa alternata, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyofuata kwa kuharibika.

Hapa pia ndipo imani ya injini mbili inapoyumba. Watu husema funga mbili, moja ikifa nyingine itakurudisha. Ni kweli kwa rafadha, ile pangaboi ya kusukuma chombo, iliyonasa nyavu au gia iliyovunjika. Lakini kama zote mbili zinanyonya tangi moja, tope lile lile litazizima zote ndani ya dakika chache. Injini mbili bila matangi mawili ni injini moja iliyolipiwa mara mbili. Na kama ni za petroli, kumbuka mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka unakaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, haupandi ukatoka wenyewe, na cheche moja inatosha. Dizeli haina hatari ya kiwango hicho, na kwa safari ndefu sababu hiyo peke yake ingenitosha kuichagua.

Jambo moja tanga linalo na injini nyingi hazina: yoti yenye mkuku, uti wa chini wa chombo, mzito wa chuma au risasi ikilazwa na wimbi hadi tanga liguse maji, uzito wa chini unaiinua. Boti nyingi za injini zikipinduka hubaki zimepinduka. Zile za ghorofa mbili zenye madirisha makubwa ni nzuri kwa Mbudya na Bongoyo, visiwa vya hapa karibu na Dar. Kwa Comoro tafuta yenye paa la chini, madirisha madogo, tezi isiyo bapa sana, na ukaguzi wa TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, usiwe wa karatasi tu. Taarifa ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, isome kabla ya kufungua kamba, na uiamini kuliko ratiba yako.

Namba zangu nilizipata hivi. Nilijaza tangi hadi mdomoni, maji yakiwa yamejaa na yametulia, nikaenda nusu saa kuelekea kusini na nusu saa kurudi, injini kwenye mzunguko ule ule bila kuigusa, ili upepo na mkondo vijifute vyenyewe. Simu ilinipa mwendo. Niliporudi nikajaza tena tangi hadi pale pale kwa jagi lenye alama za lita, nikihesabu. Nikarudia kwa mwendo wa pili, na wa tatu. Asubuhi tatu, na mafuta ambayo ningeyatumia tu hata hivyo. Zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha injini: 5 – 3.5. 6 – 6. 7 – 10.5. Kila baada ya kusafisha bodi napima upya, maana magugu na kombe za chini zinakula lita.

Mzee hajanunua ile ya faiba. Wiki iliyofuata alinipigia simu kusema amepata mashua ya mbao Mbweni, mita 9, injini ya dizeli ya silinda tatu, mlingoti bado upo, mwenyewe anataka kuiuza lakini matumizi yake ya mafuta hayajui. Jumamosi tunakwenda kuipima. Ameniambia jagi atakuja nalo yeye.